Urani ya Marehemu Jaffar

Mwanamke aliyepiga simu kituoni hakutaja mauaji. Alisema watu wamekataa kumwosha mumewe.

Inspekta Phoebe Kadenge alikuwa amesikia mashtaka ya kila aina tangu aanze kazi ya upelelezi, lakini hilo lilikuwa jipya. Alimchukua Konstebo Nicanor na gari, wakaenda hadi mtaa ulio nyuma ya Shelly Beach, nyumbani kwa mzee Jaffar, dereva wa kreni mstaafu wa bandari ya Kipevu. Alichokikuta kilimchefua kabla hajafungua mlango wa gari.

Nyumba ya msiba Likoni haina pa kukanyaga. Mikeka hufika hadi njiani, kahawa haikatiki, na wanaume hugombea kuingia chumba cha maiti kusaidia. Hapa ua ulikuwa mtupu. Wanaume walikuwa wamejipanga ng'ambo ya njia, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, pua wameziziba kwa vilemba. Hao ndio waliokula biriani ya Jaffar kila Idi na kulamba vidole.

Mwanatumu, mjane, alikuwa peke yake. Aliketi kwenye kizingiti cha stoo iliyo nyuma ya nyumba. Nyuma yake, sakafuni, mumewe alikuwa amelala chali chini ya shuka, kofia kichwani. Kando yake palikuwa na pipa la chuma la rangi ya buluu.

"Makiwa, Mama. Mimi ni Inspekta Phoebe."

"Ahsante, mwanangu. Nilimkuta hapa baada ya sala ya alfajiri. Nataka aoshwe, asaliwe, azikwe. Hao," akawaonyesha wale wa ng'ambo kwa kidevu, "wasema ukimgusa wafa nawe."

"Nani aliyewaambia?"

"Mahir. Mtoto wa wifi yangu. Nilipopiga kelele yeye ndiye aliyeingia kwanza, akanivuta mkono. Asema ndani ya pipa muna urani, yale madini ya mionzi, na urani ndiyo iliyomuua."

"Wewe ulijua kama ni urani?"

"Wallahi sikujua. Mume wangu aliniambia ni rangi za boti, anamwekea mtu. Nikimuuliza zaidi, asema amekula yamini hatasema."

Phoebe alilitazama pipa kutoka mlangoni. Halikuwa na karatasi wala maandishi. Kifuniko kilikuwa kimebanwa kwa pete ya chuma, na pete imefungwa kwa sili kama zile za kontena.

"Daktari amekuja?"

"Alikuja wa zahanati. Alisimama hapo ulipo wewe, akaandika ni moyo, akaenda zake."

"Hakuingia?"

"Hata kiatu chake hakikuingia."

Phoebe alimtuma Nicanor apige picha kutokea mlangoni, kisha akapiga simu kwa Bramwel, afisa wa kupima mionzi aliyefanya naye kazi kwenye kesi moja ya vyuma chakavu kule Miritini. Halafu akavuka njia.

Haikuwa vigumu kumtambua Mahir. Alikuwa kijana nadhifu, wakala wa kutoa mizigo bandarini, shati jeupe limepigwa pasi. Usoni alikuwa na barakoa na mikononi glavu nene za mpira. Jua lilikuwa kali na jasho lilimtoka kwenye vifundo vya mikono, lakini hakuzivua. Alimwamkia Phoebe kwa adabu zote.

"Afande, shikamoo. Mimi nasikitika. Lakini lazima tumlinde mama na tulinde mtaa. Marehemu afungwe kwenye plastiki kama alivyo, afanyiwe tayamamu ya juu juu bila maji, azikwe baada ya adhuhuri. Dini ni nyepesi. Dharura yaruhusu."

"Wewe unaishi wapi, Mahir?"

"Changamwe."

"Na alfajiri ulikuwa Likoni."

"Nilikuja kumjulia hali mjomba."

"Umevuka feri usiku ungalipo kumjulia hali mtu mzima asiyeumwa. Haya. Ulijuaje kuna urani ndani ya pipa?"

"Mjomba aliniambia."

"Mkewe wa miaka yote hakumwambia. Alikuwa amekula yamini."

Mahir alirekebisha barakoa. "Mimi ni damu yake, afande."

Phoebe aliliacha hilo likae. Akauliza swali lingine, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya. "Kwani urani ina soko siku hizi?"

Hapo kijana alisahau kama yuko msibani. Macho yalimng'aa juu ya barakoa.

"Soko? Afande, dunia nzima yarudi kwenye nyuklia! Nchi zilizofunga mitambo zinajuta. Hizi kompyuta za akili bandia zanywa umeme usiku na mchana, na jua likizama limezama. Migodi ni michache. Mmoja ukisimama kule Kazakhstan, bei yapanda wiki hiyo hiyo. Anayenunua sasa, watoto wake hawatalala njaa. Ni vile tu watu wetu ni wagumu kuelewa, wao wajua viwanja na mabati..."

Alijikamata, lakini alikuwa amechelewa.

"Endelea," Phoebe alisema.

"Ni mambo ya kusoma tu mtandaoni."

"Mimi kwetu ni Kilifi. Wenyewe kule waliukataa mtambo wa nyuklia, na sasa redio zasema huenda ukapelekwa bara, ziwani. Usipojengwa Pwani, mtu mwenye pipa lake Likoni atamuuzia nani?"

"Bei ya urani ni ya dunia, haiangalii Kilifi," Mahir alijibu upesi, neno baada ya neno, kama mtoto anayesoma aya aliyoihifadhi.

"Nani mwingine amekuuliza swali hilo?"

Mahir alizivuta glavu juu. Phoebe akahisi kinyaa kile kile anachokihisi akiona inzi kwenye chakula cha mtu mwingine. Nyuma ya mabega ya Mahir alisimama Talha, jirani wa ukuta mmoja na marehemu, mtu mzima mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mzee Talha. Wewe una pipa nyumbani?"

"Mimi nimekula yamini, afande. Nilishika msahafu. Siwezi kusema."

"Sikukuuliza lina nini. Nimeuliza kama unalo."

Macho ya mzee yalimwendea Mahir, yakarudi chini. Wanaume wengine kadhaa nao wakaanza kutazama viatu. Phoebe alielewa. Aliyebuni biashara ile alikuwa fundi. Alitafuta mali ambayo mnunuzi haruhusiwi kuiona, kwa kuwa akiifungua mionzi itamuua, kisha akawashikisha Kurani wasiisimulie. Watu walikuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na midomo yao ikashonwa kwa kitabu chao wenyewe.

Alirudi kwa Mwanatumu. "Mama, siku hizi mzee alikuwaje?"

"Alibadilika tangu juzi. Alikuwa akisikiliza habari redioni, wakasema ule mtambo wa umeme wa Kilifi wataka kuhamishwa. Akazima redio. Chakula hakukigusa. Nikamsikia asema, 'Mimi natoka. Natoka katika jambo hili.' Nikamuuliza jambo gani, akatoka nje."

Bramwel alifika na mkoba wake. Alikuwa mtu mnene, mpole, na hakuvaa chochote zaidi ya shati la kazi. Wanaume wa ng'ambo walirudi nyuma hatua nzima alipotoa chombo chake. Alikipitisha juu ya kizingiti, akaingia, akakizungusha pembeni mwa pipa, akakishusha karibu na maiti. Chombo kilitoa mlio mmoja mmoja, wa uvivu.

"Hivi ndivyo kinavyolia hata sokoni Kongowea," alisema. "Hapa hakuna kitu."

"Labda chuma kimezuia," Phoebe alisema.

"Chuma hiki chembamba? Kingesikika. Na nikwambie jambo lingine. Hata ingekuwa urani ya kweli, ule unga wake wa manjano unaotoka mgodini, isingemuua mtu kwa usiku mmoja. Angelala kando yake mwaka, asingekufa ghafla namna hii."

"Wewe ungenunua?"

Bramwel aliangua kicheko kifupi, akakumbuka alipo, akakizima. "Hisa za mgodi, labda, na kwa pesa ambayo niko tayari kuililia. Ile ajali ya mtambo kule Japani iliiangusha bei ikalala miaka mingi. Sasa imeamka. Kesho kukitokea ajali nyingine, au serikali moja ibadilishe nia, italala tena. Mtambo mmoja hujengwa muda mrefu hadi waziri aliyeuahidi anasahaulika. Lakini pipa? Mzigo wenyewe hukaa kwenye maghala yenye leseni nchi za mbali. Hakuna mtu duniani anayeuziwa akaweke stoo pamoja na majembe."

Sasa Phoebe aliingia. Alichutama mbele ya pipa bila kuligusa. Mwili wa pipa ulikuwa na vumbi la miezi. Pete ya chuma ilikuwa na kutu, ila kwenye kufuli yake kutu ilikuwa imekwaruzwa hadi chuma kikang'aa, na sili yenyewe ilikuwa safi, haina hata chembe ya vumbi. Alimwashiria Nicanor apige picha.

Bado maiti. Sheria ilimruhusu kuifunua mwenyewe. Lakini aliwatazama wale wa ng'ambo na akajua jioni watasema nini: polisi mwanamke, Mkristo, amemvua maiti wa Kiislamu mbele ya watu. Na wakili wa yeyote atakayeshtakiwa angelipokea neno hilo kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "hawa wamekataa. Wewe je?"

Mwanatumu alinyanyua uso. Kisha akasimama, akapaza sauti ivuke njia. "Mwalimu! Nakuuliza mbele ya watu. Mke ana ruhusa ya kumwosha mumewe, hana?"

Mwalimu wa msikiti, aliyekuwa nyuma kabisa ya kundi, alikohoa. "Ruhusa ipo, Bi Mwanatumu. Masahaba wamefanya."

"Basi namwosha mimi."

"Hapana!" Mahir alikuwa amevuka nusu ya njia. Ile adabu yake yote ilikuwa imempukutika. "Mkaza mjomba, utakufa! Afande, mzuie! Huyu ni mzee, hajui!"

"Nicanor," Phoebe alisema, "simama na huyu kijana hapo uani. Asisogee."

Alimweleza Mwanatumu taratibu. Asimwage hata tone la maji kwanza. Avae glavu safi za polisi. Atazame tu, na kila anachokiona akiseme kwa sauti. Mjane aliingia. Phoebe alisimama mlangoni, mgongo kwa maiti kumpa marehemu heshima yake, uso kwa Mahir.

"Ana kofia," sauti ya Mwanatumu ilitoka ndani. "Hii si ada yake. Akiingia stoo huiacha kitandani, aogopa vumbi."

"Ivue polepole."

Mahir alikuwa akitazama chini.

"Kisogo kimebonyea," Mwanatumu alisema. Sauti yake haikupanda. "Damu imeganda kwenye nywele. Ndani ya kofia hakuna damu, ni alama kidogo tu."

"Amevalishwa baada ya damu kukauka. Mikono sasa."

"Kucha ni za manjano. Vidole vyote, hadi kiganjani." Kisha ikasikika pumzi ya mtu anayenusa. "Inspekta."

"Ndiyo, Mama."

"Hii si urani. Hii ni manjano. Manjano ya kutia kwenye mchuzi."

Ng'ambo ya njia mtu mmoja alicheka. Alicheka kweli, kwenye msiba, na mwenzake akamfuata. Phoebe alitamani kuwaweka ndani wote.

Bramwel aliikata sili kwa koleo, akaitia ndani ya mfuko wa ushahidi, akafungua kifuniko. Harufu iliyotoka ilimfanya Nicanor ageuze uso. Juu kulikuwa na tabaka la manjano iliyooza kwa unyevu, imeshikana mabonge, wadudu wa unga wakitembea juu yake. Katikati palikuwa na shimo, pale mkono wa Jaffar ulipochimba. Chini ya manjano ulikuwa mchanga wa pwani, na ndani ya mchanga nepi ya mtoto iliyotumika na kichwa cha samaki. Aliyelijaza pipa hakujisumbua hata kuchekecha. Alichota mchanga wa ufuoni kama ulivyo na kumuuzia mjomba wake kama akiba ya uzeeni.

Mwanatumu alilitazama lile pipa. "Aliniuzia dhahabu zangu za harusi kwa ajili ya hili," alisema. "Nami nikampa, nikadhani ni za kumtibu dadake."

"Mzee alilifungua, Mama," Phoebe alisema, na alihakikisha sauti inafika uani. "Aliposikia mtambo unahama alitaka kuuza, na aliyemuuzia akamzungusha. Usiku akalifungua mwenyewe, akatia mkono hadi mchangani. Akamwita mtu huyo aje. Simu ya mzee itatuonyesha. Mzee alipokufa vidole vyake vilikuwa na manjano, kwa hiyo pipa lilikuwa wazi. Asubuhi pipa limefungwa, na limepigwa sili mpya ya bandarini. Maiti hapigi sili."

Aligeuka.

"Mahir. Vua glavu."

"Kuna mionzi, afande."

Bramwel alimsogezea chombo chake hadi usoni. Kililia mlio wake wa uvivu.

"Vua."

Hakuvua. Nicanor alizivua, moja baada ya nyingine, na zilitoka kwa shida kwa jasho. Vidole vya Mahir vilikuwa vimesuguliwa hadi ngozi ikachubuka. Vilinuka ndimu na sabuni, na pembeni mwa kucha na kwenye mikunjo ya viungo manjano ilikuwa palepale. Mtoto wa Pwani alipaswa kujua. Hakuna mwanamke Likoni asiyejua kwamba doa la manjano huondoka likitaka lenyewe.

"Nilikuwa napika biriani," Mahir alisema.

"Wewe?" Mwanatumu alitokea mlangoni. "Hata chai hujui kuibandika."

Kijana alitazama huku na huku. Hakuna aliyemtazama.

"Nilimwambia asubiri," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa, hiyo ndiyo iliyomchefua Phoebe kuliko yote. "Mwaka mmoja tu, ningempa kitu. Hakutaka. Alisema atalisha masikini kumi, atoe kafara ya yamini yake, kisha Ijumaa asimame msikitini awaambie watu wote. Angenimaliza, mimi mtoto wa dadake!"

"Ulimpiga na nini?"

"Nataka wakili."

"Utampata. Nicanor, mpeleke garini."

Hapo ndipo wanaume walipovuka njia. Walivuka wote kwa pamoja, vilemba vimeshuka kutoka puani, nyuso zimejaa huzuni. Mmoja alianza kusoma dua. Wawili walikuwa wameshafika na jeneza la msikitini, na mikono ilianza kusukumana kugombea mipini yake, kila mtu akitaka thawabu za kubeba maiti. Talha alimsogelea Phoebe karibu sana, akainamisha kichwa.

"Afande, samahani. Hili la Jaffar limekuwa bovu. Lakini langu mimi, yule kijana aliniambia ni la daraja la kwanza. Mwaweza kulipima?"

Phoebe alimtazama. Mzee yule alikuwa ameishi ukuta mmoja na marehemu maisha yake yote.

"Kalifungue," alisema, "uonje."

Akamwacha amesimama, akamwendea Mwanatumu. Neno alilokuwa nalo lilikuwa zito na hakukuwa na njia ya kulipamba.

"Mama, umenisaidia kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya. Lakini sasa haya ni mauaji. Lazima aende hospitali kuu, daktari wa serikali amtazame. Hawezi kuoshwa kabla."

"Atamkata?"

"Atamkata."

"Nilikuita ili mume wangu azikwe leo."

"Najua. Leo hazikwi. Ukikataa, nitaenda mahakamani na nitapata amri, lakini sitaki kufika huko na wewe. Nitakaa mlangoni hadi daktari amalize, na nitamrudisha kwako kwa mkono wangu."

Mwanatumu alitazama ndani ya stoo, penye shuka. Midomo yake ilisogea bila sauti. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Mpelekeni. Akirudi nitamwosha mimi. Asimguse mtu mwingine."

Jeneza lilikuwa limeshafika kizingitini. Mwanatumu alisimama katikati ya mlango na kuwatazama waliolishika, mmoja mmoja, bila kuwaita kwa majina yao.

"Wekeni chini. Rudini mlipokuwa."

"Bi Mwanatumu, sisi ni nduguze..." Talha alianza.

"Rudini!"

Waliliweka chini. Phoebe, Bramwel na Nicanor, aliyekuwa amemfungia Mahir garini na kurudi, walimwinua mzee Jaffar kwa shuka lake wakamlaza ndani. Walikuwa watatu, na pembe ya nne ya jeneza ilikuwa haina mtu. Mwanatumu alijifunga kanga kiunoni.

"Dada yangu," mwalimu wa msikiti alisema kwa upole, "si vizuri mwanamke kubeba jeneza."

"Visivyokuwa vizuri mmeshavimaliza nyinyi," Mwanatumu alisema, akainama, akashika mpini.